Uzi maalumu: Kuanza DMR kwa wanaredio wa ridhaa. Taa ya kijani inawaka, spika kimya

#1 Mlingoti

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki bila mtu kunifuata inbox na swali lilelile: "Mkuu nimepata redio ya DMR, nimeingiza masafa ya ripita, taa ya kijani inawaka lakini spika kimya. Nimeuziwa kimeo?" (DMR ni redio ya kidijitali, Digital Mobile Radio; ripita ni mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha upya.) Nimejibu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka. Leo namwaga yote hapa, siku nyingine nitakuwa natuma linki tu.

Hujauziwa kimeo. Mimi nilikaa siku kumi na moja naitazama ile taa inawaka, inazima, inawaka, mimi na redio tumenuniana. Nikabadilisha antena. Nikapanda juu ya paa. Nikaanza kutafuta boksi lake niirudishe ilikotoka. Tatizo lilikuwa sehemu moja niliyoiacha wazi kwenye kompyuta. Tutafika.

Uzi unamhusu mwenye leseni. Kama bado huna, karibu usome na usikilize, ila kidole kikae mbali na kitufe cha kurushia.

Tuanze na huyu mnyama mwenyewe. DMR haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ni kiwango cha ETSI (taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano), kilitoka 2005, kwa ajili ya watu wa kazi: walinzi, viwanda, migodi, usafiri. Sisi wa ridhaa tumehamia kwenye nyumba ya watu, ndiyo maana menyu imejaa vyumba ambavyo hatuna shughuli navyo, mara dharura, mara mfanyakazi aliye peke yake, mara ufunguo wa siri. Viache. Kuna ngazi tatu, na ripita zetu zinatumia ile ya pili, hivyo kabla ya kununua hakikisha imeandikwa Tier II. Kuna redio za bei rahisi zilizowahi kutoka zikiwa na ngazi ya kwanza tu, na hizo kwenye ripita ni pambo.

Kinachoitofautisha na FM ni kwamba chaneli moja ya kHz 12.5 inagawanywa kwa muda. Milisekunde 30 ni za Sloti 1, milisekunde 30 zinazofuata ni za Sloti 2, kisha tena na tena. Fikiria watu wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja: mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Na katika kila hizo milisekunde 30 redio inarusha 27.5 tu, zile 2.5 zinaachwa ili mchi usigonge mchi. Kwa hiyo ripita moja inabeba mazungumzo mawili kwa wakati mmoja, na redio yako ya mkononi inarusha karibu nusu tu ya muda ulioshika kitufe. Betri inashukuru.

Sasa shika hapa, maana mengine yote yanategemea hili. Kwenye DMR chaneli ni anwani. FM ulizoea masafa ya kupokea, masafa ya kurusha na toni, basi. Huku unajaza masafa yote mawili, msimbo wa rangi, sloti, na grupu. Ukikosea kimoja barua haifiki, na hakuna atakayekwambia imepotelea wapi.

Msimbo wa rangi usikuchanganye, hauna rangi yoyote. Ni namba kuanzia 0 hadi 15, na kazi yake ni ileile ya toni kwenye FM: ripita mbili zenye masafa sawa zisiingiliane. Unaisoma kwenye taarifa za ripita, unaiandika, umemaliza.

Grupu ndilo lenye mambo. Chukulia ni chumba. Ukirusha ukiwa umechagua grupu 91 kwenye mtandao wa BrandMeister, umeingia chumba cha dunia nzima, na ripita chungu nzima zinafunguka kwa wakati mmoja. Grupu 9 kwa kawaida ni la hapohapo kwenye ripita, halitoki nje. Katikati kuna ya mabara, ya nchi, ya lugha, ya watu wanaopenda satelaiti na kadhalika. Halafu kuna mtego: BrandMeister si mtandao pekee. Kuna TGIF, kuna FreeDMR, kuna DMR-MARC, na namba ileile inaweza kuwa chumba kingine kabisa ukihama mtandao. Kabla hujabishana na mtu kuhusu namba ya grupu, muulize yuko mtandao gani.

Sasa zile siku zangu kumi na moja. Nilikuwa nimeweka grupu moja kwenye chaneli kama la kurushia. Watu waliokuwa wakiongea walikuwa grupu jingine, sloti hiyohiyo, ripita hiyohiyo. Redio inaona mawimbi, inawasha kijani. Inasoma anwani, inakuta barua si yake, spika inabaki imefungwa. Nilichokiacha wazi ni orodha ya mapokezi, ile inayoiambia redio "grupu hili, hili na hili, nifungulie". Redio nyingi zina pia kitufe cha kusikiliza sloti yote bila kujali grupu, kwenye menyu kinaitwa monita ya dijitali. Siku niliyokibonyeza kwa bahati, mtu akatokea spikani katikati ya sentensi anaeleza jinsi alivyofunga mlingoti wake, sauti safi kama amekaa mezani. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Ukikutwa na hali hiyo anza na hicho kitufe. Usipande paa.

Kabla ya yote hayo omba namba ya kitambulisho RadioID.net. Unatuma nakala ya leseni, wanakupa namba ya tarakimu saba, tatu za mwanzo ni msimbo wa nchi kama ule wa mitandao ya simu. Ripita zina sita. Usibuni namba wala usiazime ya rafiki, mtandao utakujua mara moja, na yeye ndiye atakayeonekana kila unapobonyeza.

Mwisho kwa leo, kodiplagi. Hilo ni faili la mipangilio yote ya redio, jina tumelirithi kutoka Motorola. Kila anayeanza anaenda kutafuta kodiplagi ya mtu iliyokwisha jazwa: chaneli elfu na ushee, zoni (makundi ya chaneli) sitini, anaimwaga kwenye redio, kisha anarudi humu kuuliza kwa nini hasikii kitu. Hata mwenye hiyo kodiplagi hajui chaneli ya 614 ni ya nini. Tengeneza yako kwa mkono. Isome kwanza ile iliyo ndani ya redio, ihifadhi kando bila kuigusa, kisha jaza namba yako, magrupu matano, orodha moja ya mapokezi, chaneli sita, zoni moja. Inakula jioni moja. Lakini ikikwama unajua pa kugusa.

Maswali yaje.

#2 Koaksia

Mkuu haya ni madini. Nimeweka kambi.

Swali: nilipo hakuna ripita ya DMR hata moja, ya karibu iko nyuma ya milima. Ndiyo basi tena?

#3 Mlingoti

@Koaksia hapo ndipo hotspoti inapoingia. Ni bodi ndogo ya redio, inapandishwa juu ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo), nguvu yake ni kama milwati 10, inaongea na redio yako ndani ya nyumba na kwa upande wa pili inaongea na mtandao kupitia intaneti. Ndani yake kuna MMDVM, programu ya Jonathan Naylor, na juu yake watu huweka Pi-Star au WPSD ili uweze kuipanga kwa kivinjari.

Kwa hotspoti ya antena moja, masafa ya kurusha na kupokea yanakuwa sawa. Chagua msimbo wa rangi 1 na Sloti 2, ndivyo wengi wanavyofanya. Masafa yaangalie kwenye mpango wa bendi yako, na ukae mbali na MHz 435 hadi 438, hapo ni pa satelaiti. Milwati kumi zako zinaweza zisimfikie jirani, lakini redio yako ya mkononi yenye wati tano ikijibu inafika mbali kuliko unavyodhani. Ishushe nguvu hadi chini kabisa.

Na usiishike redio karibu na hotspoti. Kaa hatua kadhaa. Ukimpigia mtu kelele sikioni hasikii maneno, anasikia kelele.

#4 Mzee Skwelchi

Naomba nitofautiane na mtoa mada. Hiyo si redio, ni simu yenye antena. Unarusha kutoka kwenye kochi hadi mezani, kilichobaki anabeba mtu wa intaneti. Siku nyaya zikikatika mnabaki mmeshika tofali. Mimi na waya wangu wa HF (mawimbi mafupi) naongea na bara jingine bila kumwomba mtu nywila.

#5 BintiWaMawimbi

Mzee shikamoo. Hoja yako kuhusu hotspoti naikubali nusu. Mimi pia nilianza na hotspoti na mwezi wa kwanza nilijiona natumia WhatsApp ya gharama.

Ila DMR si lazima iwe na intaneti. Redio mbili zinaongea zenyewe kwa zenyewe bila chochote katikati, mnachagua masafa yaleyale, msimbo na grupu sawa, mnakwenda. Ripita nayo intaneti ikikatika inaendelea kurudia ya hapohapo. Na pembezoni, pale FM inapokuwa shhhh tupu unakaza sikio kubahatisha neno, DMR mara nyingi bado inasomeka vizuri. Ubaya wake ni kwamba haikuagi. FM inachoka polepole, unaona mtu anazama kwenye mkwaruzo. DMR ni safi, safi, safi, ghafla mtu anaongea kama roboti aliyemeza maji, halafu hayupo.

#6 Mzee Skwelchi

Marahaba. Hilo la kutoaga ndilo linaloniudhi kuliko yote. Unabaki unajibu hewa.

#7 Koaksia

Na redio ipi? Nimeona Anytone 878, TYT UV380, nyingine zina majina kama nywila ya Wi-Fi.

#8 BintiWaMawimbi

Usianze na jina, anza na programu ya kuipanga. Pakua programu ya kompyuta ya redio unayoitaka kabla hujanunua, ifungue, jaribu kutengeneza chaneli moja. Ikikukera kabla hata hujawa na redio, ndoa haitadumu.

Kwa mtu wa hotspoti, uwezo wa kuandika namba ya grupu moja kwa moja kwa vitufe una thamani kuliko skrini ya rangi. Kuna redio kadhaa zinazokubali OpenGD77, programu huria ya kuwekwa ndani ya redio badala ya ile ya kiwandani, na hiyo kuandika grupu papo hapo ndiyo starehe yake. Chaneli moja tu ya hotspoti, magrupu yote unayaita kwa namba. Hakikisha tu kabla ya kununua kwamba toleo utakalopewa liko kwenye orodha yao, maana jina la nje linaweza kuwa lilelile na vya ndani vimebadilishwa.

#9 Dipoli

Wakuu msaada, nimekwama siku ya tatu. Nina hotspoti ya antena moja, Pi-Star. Nimefuata uzi neno kwa neno. Nikibonyeza redio inawaka nyekundu, kwenye dashibodi (ukurasa wa hotspoti) alama yangu ya mwito (utambulisho wa leseni) inaonekana. Lakini nikijaribu kile chumba cha kujisikiliza, 9990, hakuna kinachorudi. Grupu 91 nalo kimya upande wangu wa kurusha, nawasikia lakini wao hawanisikii. Wenzangu wawili wameniambia nibadilishe bodi.

#10 Mlingoti

Usibadilishe chochote bado. Mambo mawili. Kwanza, 9990 umeiandikisha kama grupu au kama mwito binafsi (wa namba moja tu)? Huko BrandMeister inaitwa kwa mwito binafsi. Pili, kwenye dashibodi kuna safu imeandikwa BER. Inasema ngapi ukibonyeza?

#11 Dipoli

Daah. Niliiandikisha kama grupu. Nimebadilisha, sasa inarudi, lakini ni vipande vipande, kama mtu anaongea huku anapigwa mgongoni. BER inaonyesha asilimia 7.2. Hiyo ni nyingi?

#12 BintiWaMawimbi

Nyingi sana. Hicho ni kiwango cha biti zinazofika zimeharibika. Ukiwa chini ya 1 umetulia, ukipita 5 hata mtandao unakuona mlevi.

Bodi yako haijafa. Kristali yake, ile inayoongoza masafa, haiko sawasawa kwenye masafa uliyoandika, iko pembeni kwa Hz mia kadhaa. FM isingejali. DMR inapanga biti zake kwenye ngazi nne za masafa zilizo karibu karibu, hivyo bodi ikipinda kidogo ngazi inasomeka kuwa ya jirani. Na hotspoti hizi ndogo nyingi hutoka zikiwa zimepinda.

Ingia kwenye mipangilio ya kitaalamu ya Pi-Star, sehemu ya modemu, tafuta RXOffset (marekebisho ya masafa ya kupokea). Weka 100, hifadhi, bonyeza sekunde kumi ukiongea, soma BER. Ikipanda, rudi weka -100. Ikishuka, endelea upande huohuo. Ukikaribia ndiyo uende kwa 50 au 25. TXOffset, ya kurusha, kwa kawaida unaipa namba ileile. Andika kila namba na jibu lake kwenye karatasi, usijiamini na kichwa.

#13 Mlingoti

Na ukizima hiyo Raspberry Pi usichomoe waya. Izime kwa dashibodi, subiri taa itulie. Nimeshaua memori kadi mbili kwa haraka ya kwenda kulala.

#14 Koaksia

Wakati Dipoli anapima, kuna adabu gani huko hewani? Sitaki kuingia kama ng'ombe.

#15 Mlingoti

Sikiliza kwanza, hata dakika mbili. Ukimaliza kusema mwachie mwenzako, na kati ya zamu na zamu acha sekunde mbili tatu. Si uungwana tu: katika hiyo nafasi ndipo mtu mwingine anapopata mlango, na ndipo mwenye kutaka kuhama grupu anapohama. Mkidakana maneno mnafunga dunia nzima nje.

91 ni pa kuitana. Mkishapatana hamieni grupu jingine, msikae humo nusu saa mkieleza ukarabati wa gari.

Kwenye ripita kuna jambo ambalo wageni hawalijui. Magrupu mengine yamefungwa hapo daima, mengine yanaamshwa na atakayebonyeza. Ukiamsha moja kwa BrandMeister linabaki wazi kwa kawaida kama dakika 15, na linaimwagia sloti hiyo kila kinachosemwa humo, hata kama kuna wazee wawili walikuwa wanapiga stori zao kwenye grupu la hapohapo. Kwa hiyo ukiona sloti ina watu, subiri. Ukimaliza, ita 4000 kuvunja muunganiko, usiwaachie watu mlango wazi.

Taja alama yako ya mwito kwa mdomo. Namba ya RadioID ni ya mashine, leseni yako haiijui. Na ule ufunguo wa siri kwenye menyu usiuguse: kanuni za ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), kifungu cha 25, zinakataza wanaredio wa nchi tofauti kuficha maana ya wanachorushiana.

#16 Mzee Skwelchi

Hilo la kuacha nafasi waambie na wa FM.

#17 Koaksia

Mwito binafsi ni siri lakini? Maana jina linasema binafsi.

#18 BintiWaMawimbi

Hapana kabisa. Ni anwani tu. Mwenye redio iliyofunguliwa kusikiliza kila kitu anakusikia, na mwito ukipita mtandaoni unaweza kuonekana kwenye kurasa za waliosikika mwisho. Pia unakalia sloti nzima na watu hawaelewi kwa nini ripita inakataa. Jaribio la 9990 ni sawa, mengine yapeleke grupuni.

Na usimbonyezee mtu bila kusema neno. Kile kibonyezo cha kimya cha kujaribu kama ripita ipo, kwenye FM kilikuwa kinaishia kwenye ripita ileile. Huku kikiwa 91 kinasikika kwenye mabara yote, na alama yako inatokea skrini za watu.

#19 Dipoli

Nimerudi. Karatasi yangu hii hapa:

0, asilimia 7.2
100, asilimia 9 na ushee, nikakimbia
-100, 4.8
-200, 2.9
-300, 1.1
-350, 0.4
-400, 0.9

Nimeiacha -350. 9990 imerudi safi kabisa, ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yangu redioni. Kumbe naongea kwa kutumia pua hivi?

#20 Mlingoti

Hahaha, karibu chamani. Maikrofoni iweke mbali na mdomo kama upana wa kiganja, na kwenye menyu punguza nguvu ya maiki ngazi moja. Zile kodeki (zinazobana sauti kuwa biti) zinambana kila mtu puani, lakini ukiisukuma sana inazidi. Jaribu tena 9990.

#21 Dipoli

Nimepunguza. Pua imebaki, ila imepungua.

Mzee Skwelchi, saa mbili usiku nitakuwa Sloti 1 grupu 9 kwenye ripita, bila intaneti. Azima redio ya mtu uje.

#22 Mzee Skwelchi

Msimbo wa rangi ni ngapi?